Bibi Agnesi na Hisabati Iliyotutoa Jasho

Tulipokuwa tukisomea uhandisi, kalkulasi ilitutoa jasho. Siku moja mwalimu alichora ubaoni mchirizo kama kichuguu, akasema huo ni Mchawi wa Agnesi. Tukacheka. Kumbe mwenye jina ndiye aliyewarahisishia wengi somo lile!

Maria Gaetana Agnesi alizaliwa Milan, Italia, mwaka 1718. Baba yake, tajiri wa hariri, akipenda kumtoa mbele ya wageni ajadili elimu kwa Kilatini. Binti hakuyapenda hayo; alitaka kutawa. Baba akakataa.

Basi akawa akisomesha wadogo zake, na mwaka 1748 akatoa kitabu cha juzuu mbili kwa ajili ya vijana. Alikiandika kwa Kitaliana, si Kilatini. Alianzia aljebra, ndipo akampandisha msomaji ngazi kwa ngazi hadi mwinuko wa mchirizo na mahali unapofikia kilele, kama tulivyosomeshwa sisi.

Na uchawi? Jina la mchirizo ule lina ujamaa na neno la Kilatini la demani, kamba ya kugeuzia tanga. John Colson wa Cambridge, akikifasiri kitabu kwa Kiingereza, akaliona shetani wa kike. Maskini, bibi wa watu!

Mwaka 1750 Papa alimpa uprofesa Bologna, hakwenda kufundisha. Baba alipofariki mwaka 1752 aliiacha hisabati, akatoa mali yake, akauguza mafukara. Alikufa mwaka 1799, akazikwa nao kaburi moja.