Bwana Forel na Ziwa Lake

Sisi wa Uvira twaamka kila siku mbele ya Ziwa Tanganyika. Twaona mawimbi yakija na kuvunjika mchangani. Lakini liko wimbi jingine lisilosafiri. Aliyewafahamisha watu vema habari zake ni Bwana François-Alphonse Forel.

Alizaliwa mwaka 1841 mjini Morges, nchi ya Uswisi, kando ya Ziwa Léman. Mwaka uleule maji ya ziwa hilo yalipanda na kushuka karibu mita 2 mjini Geneva. Wavuvi walilijua jambo hilo tangu zamani, wakaliita seshi. Sababu yake hawakuijua.

Forel alisomea uganga, akawa mwalimu mjini Lausanne. Hata hivyo hakuliacha ziwa lake. Hakutaka kukisia, alitaka kupima. Alichimba kishimo ukingoni, akakiunga na ziwa kwa bomba. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia, liliposhuka, yalitoka. Forel akakaa na saa yake, akaandika kwa subira.

Mwisho alifahamu. Chukua beseni ya maji, inamisha kidogo, kisha iweke chini. Maji hupanda upande huu na kushuka upande ule, halafu hugeuza. Katikati hayapandi wala hayashuki. Wimbi hilo haliendi popote. Hubembea mahali pake. Ndivyo lifanyavyo ziwa zima likisukumwa na upepo, au uzito wa hewa ukibadilika ghafula. Beseni hubembea upesi; Ziwa Léman huchukua dakika 73 kwenda na kurudi. Maji yakipanda Geneva, hushuka kwenye mwisho wa pili wa ziwa.

Forel alikufa mwaka 1912, akiwa ameandika vitabu 3 vikubwa juu ya ziwa lake.

Ziwa letu nalo hubembea. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini husukuma maji ya juu, yenye joto, yaje kwetu kaskazini. Huko kusini maji ya baridi hupanda kutoka chini. Upepo ukitulia, maji ya joto na maji ya baridi hubembea, na safari moja ya kwenda na kurudi huchukua karibu mwezi mzima. Maji ya chini yana rutuba. Yakipanda huotesha vijimea. Vijimea hulisha vijidudu, na vijidudu hulisha ndagala wetu.

Mungu ameviumba vitu vyote kwa kipimo. Mtoto, nawe tazama, pima, uandike.

Maswali
1. Forel alipimaje maji ya ziwa?
2. Katika beseni, ni wapi maji hayapandi wala hayashuki?
3. Ndagala wapata faida gani maji ya chini yakipanda?