Mtakatifu Corbinian na Dubu Mchukuzi wa Freising



Katika nembo ya mji wa Freising, kusini mwa Ujerumani, amechorwa dubu aliyebebeshwa mzigo mgongoni. Mgeni aweza kudhani kuwa ni alama ya wawindaji. Kumbe dubu huyo ni katekesi, nayo haieleweki pasipo kuyafahamu maisha ya Mtakatifu Corbinian, askofu aliyefariki karibu miaka 1,300 iliyopita.

Corbinian alizaliwa katika karne ya 7 huko Châtres, mji uitwao leo Arpajon, nchini Ufaransa. Kwa miaka 14 aliishi kama mkaapweke karibu na kanisa, akisali na kufunga. Sifa za utakatifu wake zikawavuta watu wengi, naye akaukosa utulivu aliouchagua. Akaenda Roma, akitumaini kupata mahali pa kujificha. Papa Gregori II aliona vingine: alimweka wakfu kuwa askofu, akamtuma kuihubiri Injili. Ndivyo alivyofika Bavaria, kwa mtawala Grimoald, aliyekuwa na makao yake Freising.

Grimoald alikuwa amemwoa Pilitrud, mjane wa ndugu yake, ndoa iliyokatazwa na Kanisa. Utume wa Corbinian ulitegemea ulinzi wa mtawala huyo; kunyamaza kungekuwa rahisi. Hata hivyo, kama Yohane Mbatizaji mbele ya Herode, aliwataka waachane. Pilitrud akafanya njama za kumwua, na askofu akalazimika kukimbilia Mais, karibu na Merano, katika nchi ya Italia ya leo. Baada ya kifo cha Grimoald, mtawala mpya, Hugbert, alimwita arudi. Corbinian alifariki mnamo mwaka 730, akazikwa Mais. Baadaye Askofu Arbeo aliyahamishia masalia yake Freising na kuandika maisha yake.

Ndimo tunamopata simulizi la dubu. Corbinian akiwa safarini kwenda Roma, dubu alimrarua mnyama wake wa mizigo. Mtakatifu hakuamuru dubu auawe. Alimwagiza mtumishi wake ampandishie mzigo ule ule, na dubu akauchukua kwa utii hadi Roma, kisha akaachiwa aende zake.

Wakristo wa Freising waliona humo habari ya taifa lao: nguvu iliyokuwa ikirarua ilifugwa na neema, ikatumika kuijenga safari ya Injili. Papa Benedikto XVI, aliyepewa daraja ya upadre katika Kanisa kuu la Freising mwaka 1951, alimweka dubu huyo katika nembo yake alipokuwa Askofu mkuu wa München na Freising mwaka 1977, na tena alipochaguliwa kuwa Papa mwaka 2005. Alijiona mwenyewe kuwa mnyama mchukuzi wa Mungu. Ila tofauti na dubu yule, yeye hakuachiwa huru alipofika Roma.

Wapendwa, Corbinian alitafuta upweke, akapewa utume. Alisema kweli, akapata uhamisho. Nasi tunayo mizigo ambayo hatukuichagua: mgonjwa wa kuuguzwa, ndoa ya kulindwa, parokia ya kuhudumiwa. Tusimwombe Mungu daima atutue. Tumwombe pia mgongo wenye nguvu. Jimbo kuu la München na Freising huadhimisha sikukuu yake tarehe 20 Novemba.

Mtakatifu Corbinian, utuombee.