Bruce McLaren na Kigari cha Vipande

Bila shaka jina McLaren si geni masikioni mwako. Wale wanaokodolea macho mashindano ya magari ya Formula 1 kwenye runinga Jumapili wanalijua fika. Lakini ukiwauliza wengi wetu McLaren ni nani, watakuambia ni gari, au ni kampuni ya Waingereza. Kumbe alikuwa mtu! Tena mtu aliyechechemea, aliyezaliwa mbali sana na Uingereza, na ambaye ufundi wake ulianzia kwenye gari kuukuu lililoletwa nyumbani kwao likiwa vipande vipande.

Bruce Leslie McLaren alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1937, mjini Auckland, nchini Nyuzilandi. Baba yake, Les, na mama yake, Ruth, walikuwa na kituo cha petroli chenye gereji katika mtaa wa Remuera. Mzee Les mwenyewe alikuwa shabiki wa mashindano ya pikipiki, ila aliumia akaziacha kabla Bruce hajazaliwa, akahamia kwenye magari. Kwa hivyo kijana huyu alikulia katika harufu ya petroli na grisi, na mlio wa spana ndio uliokuwa wimbo wake wa kila siku. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mambo yalienda mrama alipofikisha umri wa miaka tisa. Alianza kuchechemea, na madaktari walipompima wakagundua ana ugonjwa wa nyonga uitwao Perthes. Ugonjwa huu huwashika watoto: damu hupungua kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hulainika, kisha huanza kubomoka. Siku zile tiba yake kubwa ilikuwa kulala tu. Bruce alipelekwa katika makao ya watoto wagonjwa ya Wilson, huko Takapuna, akafungwa kwenye kitanda cha fremu, miguu ikavutwa kwa vizito. Alikaa hivyo miaka miwili. Hebu fikiri, mwenzangu, mtoto wa darasa la nne kulazwa chali mpaka wenzake wafike darasa la sita! Hata hivyo watoto hawakosi ujanja. Walipopewa viti na vitanda vya magurudumu, na wauguzi wakageuza kisogo, mashindano yalianza papo hapo.

Alipona, lakini mguu wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kulia. Katika nchi ile raga ndiyo mchezo wa wavulana, na mwenye nyonga mbovu hana nafasi uwanjani. Masomo aliyafuata kwa posta kwa muda, baadaye akajiunga na shule ya ufundi ya Seddon Memorial.

Sasa tufike kwenye kigari chenyewe. Bruce alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, mzee Les alinunua Austin 7 aina ya Ulster iliyoundwa mwaka wa 1929. Alilipa pauni 110. Austin 7 lilikuwa gari dogo sana la Kiingereza, injini yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 747 tu, yaani hata pikipiki nyingi za leo zinalishinda. Lakini Ulster ilikuwa ndiyo ya mashindano katika ukoo huo: bodi ya chini, nyepesi, mkia umechongoka, na haina paa. Jina ilipewa kutokana na mashindano ya Ulster, huko Ireland ya Kaskazini. Shida ni kwamba hii ya mzee Les haikuwa gari tena, bali mkusanyiko wa spea. Injini huku, magurudumu kule, na vitu vidogo vimejazwa masandukuni. Nia ya mzee ilikuwa rahisi: alifufue, aliuze, apate faida.

Kazi ilichukua karibu mwaka mzima, na Bruce alikuwamo tangu mwanzo. Wale wasiowahi kufufua gari nyumbani hudhani kazi kubwa ni kupaka rangi. Sivyo! Kazi kubwa ni kujua kila kipande kilikaa wapi na kwa nini. Gari lililofunguliwa na mtu mwingine ni kama barua iliyochanwa: lazima uipange upya herufi kwa herufi. Kuna vyuma vilivyoshikwa na kutu vinavyotaka mafuta na subira, kuna nati ambazo uzi wake umelika, kuna valvu zinazohitaji kusagwa mpaka zifunge barabara, kuna beringi zilizochakaa ambazo dukani hazipatikani tena. Mwenye haraka huvunja bolti, na bolti moja iliyovunjikia ndani ya chuma yaweza kukula siku nzima. Kijana aliyelala chali miaka miwili alikwisha jifunza kungoja.

Gari lilipokamilika, mzee Les aliliingiza barabarani kulijaribu. Alirudi amebadilika uso. Breki za Austin 7 hazikuwa za mafuta kama za magari tunayoyajua, bali za kuvutwa kwa nyaya. Waya hulegea, gurudumu moja hushika mapema kuliko jingine, na gari huenda linakotaka. Usukani nao haukuwa wa kutegemewa. Mzee akakata shauri: kigari hiki ni cha hatari, kiuzwe upesi. Hapo ndipo Bruce alipomsihi asikiuze. Hoja yake haikuwa kwamba gari ni zuri. Alikubali ni bovu, ila akasema watalirekebisha, na kwa kulirekebisha yeye atajifunza uhandisi.

Mimi naona hapa ndipo maisha yake yalipoamuliwa. Mzazi yule alikuwa na kila sababu ya kukataa. Mwanawe alikuwa ametoka hospitalini juzijuzi, nyonga yake dhaifu, na sasa anaomba apewe gari lililomtisha baba mtu mzima! Lakini mzee alikubali. Sijui kama ni wazazi wangapi wa kwetu wangethubutu.

Basi likaanza zoezi. Uani kwao kulikuwa na miti ya matunda, na Bruce aliizunguka kwa kigari chake, akichora namba nane juu ya nyasi, mpaka mikono ikazoea usukani. Jioni akirudi gerejini, alilichokonoa gari kutafuta nguvu zaidi. Alishughulikia sana kile ambacho makanika wetu hukiita silinda hedi. Ndani yake mna kijichumba ambamo petroli na hewa hubanwa kabla ya kuwashwa na plagi. Kijichumba kikiwa kikubwa, mchanganyiko haubanwi sana na mlipuko huwa dhaifu. Ukikipunguza, nguvu huongezeka. Bruce alikijaza kwa shaba nyeusi iliyoyeyushwa, kisha akakichonga upya kwa umbo alilolitaka. Kazi hiyo haina mchezo: ukikosea kidogo, injini hugonga na pistoni hutoboka. Ni kazi ya fundi aliyekomaa, na huyu alikuwa angali mwanafunzi mwenye kaptura.

Mwaka wa 1952, akiwa na umri wa miaka 14, aliingia shindano lake la kwanza. Lilikuwa la kupanda mlima kwa kasi huko Muriwai, pwani ya magharibi ya Auckland, na akashinda katika kundi la magari madogo. Kigari hicho kingalipo hadi leo. Kampuni yake inakihifadhi makao makuu huko Woking, Uingereza, kimesimama mstari wa mbele mbele ya magari yenye thamani ya mamilioni. Ningependa sana siku moja nikione kwa macho yangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Aliendesha Austin-Healey ya baba yake, kisha gari aina ya Cooper walilouziwa na Jack Brabham, dereva mashuhuri wa Australia aliyekuwa akifikia kwao. Masomo ya uhandisi katika chuo kikuu aliyaanza, lakini mwaka wa 1958 vyama vya mashindano vya Nyuzilandi vilimpa ufadhili wa kwenda kushindana Ulaya, na vitabu vikabaki nyuma. Tarehe 12 Desemba, 1959, huko Sebring, Marekani, Brabham alikuwa akiongoza petroli ikamwishia kwenye mzunguko wa mwisho. Wakati mwenzake akilisukuma gari kwa mikono, Bruce alipita na kushinda. Alikuwa na umri wa miaka 22 na siku 104, na hakuna aliyeshinda Grand Prix akiwa mdogo kuliko yeye hadi mwaka wa 2003. Msimu wa 1960 alimaliza wa pili duniani, nyuma ya Brabham huyohuyo.

Mtu mwingine angetosheka. Lakini mkono uliozoea spana hautulii. Mwaka wa 1963 aliunda kampuni yake, Bruce McLaren Motor Racing. Jina kubwa, karakana ndogo! Mafundi wake wa kwanza walifanya kazi katika banda huko New Malden, kando ya London, sakafu yake ya udongo, wakilichangia na mitambo ya kutengenezea barabara. Ukilitazama banda hilo kwa jicho la Kikenya utasema ni jua kali tupu.

Na gari lao la kwanza la maana halikuwa jipya. Mwaka wa 1964 Bruce alinunua gari lililoitwa Zerex Special. Historia yake inachekesha. Mwanzoni lilikuwa Cooper la Formula 1, likagongwa mwaka wa 1961, Mmarekani Roger Penske akalinunua likiwa mabaki, akalivisha bodi pana na kuligeuza gari la michezo. Bruce naye akaligeuza tena. Mafundi wake waliikata fremu katikati, wakachomelea mirija mipya iliyo imara zaidi, kisha wakaiondoa injini ndogo na kuingiza Oldsmobile ya silinda nane, ya alumini, yenye nguvu na isiyo nzito. Muda haukutosha kutengeneza ekzosi za kawaida, hivyo mabomba manane mafupi yaliachwa yakichomoza juu nyuma ya dereva. Rangi? Walitumia ya kijani iliyopatikana karibu. Gari hilo lililoungwaungwa lilipelekwa Mosport, Kanada, likashinda. Ni Austin ya Remuera ileile, ila sasa ina nguvu za kutisha.

Kutokana na yale waliyojifunza kwa Zerex, walianza kuunda magari yao wenyewe. Mwaka wa 1966 Bruce na mwananchi mwenzake Chris Amon walishinda saa 24 za Le Mans katika Ford. Mwaka wa 1968 huko Spa, Ubelgiji, alishinda Grand Prix katika gari lenye jina lake mwenyewe, na cha ajabu ni kwamba hakujua! Jackie Stewart, aliyekuwa mbele, aliingia kutafuta petroli dakika za mwisho, na Bruce aliarifiwa ushindi wake baada ya kuvuka mstari. Katika mashindano ya Can-Am ya Marekani na Kanada, mwaka wa 1969, kulikuwa na mbio 11. Magari yake ya rangi ya machungwa yalishinda zote 11: yeye sita, rafiki yake Denny Hulme tano.

Alikuwa pia na ndoto ya kuunda gari la barabarani. Alichukua gari la mashindano, akalifunika paa, akalipa jina M6GT. Moja alilitumia mwenyewe kwendea kazini. Lilikuwa joto na la kubana, lakini alilichukulia kama alivyoichukulia Ulster: kila safari ni somo, kila kasoro ya kuandikwa na kusahihishwa.

Tarehe 2 Juni, 1970, alikuwa Goodwood, kusini mwa Uingereza, akilijaribu gari jipya la Can-Am, M8D. Hapakuwa na watazamaji wala wapinzani. Ilikuwa siku ya kazi tu. Akiwa katika kasi kubwa, sehemu ya nyuma ya bodi iling'oka. Bodi ndiyo iliyokandamiza gari chini kwa nguvu ya upepo, na ilipoondoka gari likakosa mshiko, likaserereka nje na kugonga kibanda cha waamuzi kilichokuwa hakitumiki tena. Bruce alifariki papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 32. Aliacha mjane, Patty, na binti mdogo, Amanda.

Huko karakanani mafundi walikuwa na magari mawili ya kumaliza na siku kumi na mbili. Hulme, rafiki yake, alikuwa ameungua mikono vibaya kwa moto mwezi uliotangulia huko Indianapolis. Hata hivyo tarehe 14 Juni magari ya machungwa yalikuwa Mosport, palepale Zerex ya kijani iliposhinda. Hulme aliendesha mikono ikiwa bado na majeraha, na kiti cha Bruce kilikaliwa na Dan Gurney wa Marekani. Gurney alishinda.