Siti binti Saadi na Sifa za Sahani Zake: Je, Zinastahili?

Utangulizi

Yapo majina ambayo yakitajwa katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili huwa hayaulizwi maswali. Jina la Siti binti Saadi ni mojawapo. Mwanafunzi hufunzwa kwamba yeye ndiye mama wa taarabu, kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki aliyerekodiwa katika sahani za santuri, na kwamba nyimbo alizorekodi ndizo kilele cha sanaa hiyo. Mwanafunzi huyaandika hayo daftarini, huyarudia katika mtihani, na safari yake ikaishia hapo. Ni wachache mno wanaoketi kuzisikiliza sahani zenyewe.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa hao wasiosikiliza, hadi likizo moja aliyoipitisha nyumbani Galu, katika pwani ya Kwale. Usiku wa kuamkia arusi ya jirani, kijana aliyesimamia vyombo vya muziki alicheza nyimbo mbili za Siti zilizonakiliwa kutoka sahani za kale. Mjomba wa mwandishi alizipokea kwa kichwa kilichoinama, kama mtu asikilizaye dua. Bibi yake, ambaye ujana wake wote aliupitisha katika ngoma ya sengenya, aliguna, kisha akauliza kama huyo ndiye aliyesifiwa miaka yote hiyo. Kwa maoni yake sauti ilikuwa nyembamba, ngoma hazisikiki, na wimbo ulikatika kabla haujakolea. Alidai kuwa aliwajua wanawake wa Kidigo waliomshinda mwimbaji yule, ila hapakuwa na mtu wa kuwapeleka Bombay. Mjomba alilichukua jambo hilo kuwa ni kukosa adabu kwa marehemu. Ubishi wao haukwisha usiku ule.

Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha ya Siti kwa muhtasari, kisha kulipima swali la bibi. Ni swali la haki, nalo linastahili kujibiwa kwa hoja wala si kwa heshima pekee.

Kutoka Fumba hadi Ng'ambo

Siti alizaliwa mnamo mwaka wa 1880 hivi katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti bali Mtumwa. Jina hilo lilibeba historia nzima. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi mwaka wa 1897, na masuria walisubiri hadi mwaka wa 1909. Mtoto huyu basi alikulia katika jamii iliyojua vyema nani ni nani, na iliyokuwa tayari kumkumbusha.

Hakupata kusoma shule. Elimu yake ya kwanza ilikuwa ufinyanzi, kazi ya mama yake. Vyungu vilipokwisha kuchomwa alivichukua kwa miguu hadi mjini kuvichuuza, na husimuliwa kwamba wanunuzi walikuwa wakimtambua kwa sauti ya kunadi kabla hawajamwona mwenyewe. Mnamo mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko ndiko alikofunzwa muziki na mmoja wa wanamuziki wa wakati huo, na huko ndiko jina la Mtumwa lilikozikwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Ili kuielewa hatua hiyo, yafaa tukumbuke taarabu ilivyokuwa. Kwa masimulizi yanayokubalika na wengi, ilipata makao katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 hadi 1888, na ambaye alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Hii ilikuwa sanaa ya wanaume wenye hadhi, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti hakuwa mwanamume, hakuwa na nasaba ya kujivunia, na makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikoishi mafundi, wachukuzi, vibarua na wengi waliotoka utumwani.

Akiwa na wenzake, miongoni mwao Maalim Shaaban, Subeti, Buda na Mbaruku, Siti aliunda kundi lililokusanyika nyumbani kwake nyakati za jioni. Majirani walipita na habari za siku: nani kadhulumiwa, nani kaachwa, hakimu kahukumu nini. Habari hizo ziligeuka nyimbo. Kundi hilo hilo liliimba mbele ya Sultani na matajiri, kwa Kiarabu na Kihindi ilipohitajika, kisha likarejea Ng'ambo na kuimba kwa Kiswahili kwa watu walioijua kila fumbo.

Umaarufu haukumjia bila maudhi. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumkejeli: kwamba hana sura, kwamba hana ukoo, kwamba jana tu alikuwa akichuuza vyungu. Siti aliwajibu kwa wimbo, akiuweka mwenendo mwema na akili juu ya uzuri wa uso. Jibu lake liliishi kuliko kejeli zenyewe.

Safari ya Bombay

Mwaka wa 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimchukua Siti na wenzake hadi Bombay kurekodi. Mwaka huo huo wakazi wa Ng'ambo walikuwa wamegoma kuwalipa wenye ardhi kodi za viwanja. Haifai kuyatenganisha mambo haya mawili. Sauti iliyosafirishwa kuvuka bahari ilikuwa sauti ya mtaa uliokuwa ukidai haki yake.

Sahani zilizotoka huko zilinunuliwa kwa maelfu. Zilichezwa katika migahawa na katika nyumba za wenye santuri kote pwani, na zikapenya hadi bara. Kwa wengi, huo ndio uliokuwa wakati wa kwanza wa kusikia Kiswahili kikitoka ndani ya kifaa hicho cha kigeni. Kampuni nyingine zilifuata, na katika miaka michache iliyofuatia waimbaji kadhaa wa pwani walirekodiwa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kifo chake, Shaaban Robert alikutana naye, na matokeo yake yakawa wasifu ambao hadi leo ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya aina hiyo katika Kiswahili. Mwaka wa 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilianzisha jarida na kulipa jina la Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliziimba nyimbo za Siti kwa miongo mingi na kuzifikisha kwa masikio ya Ulaya na kwingineko.

Hoja za Wanaotilia Shaka

Wanaotilia shaka sifa za sahani hizi wana hoja tatu nzito. Kwanza, kutangulia si ubora. Mtu aweza kuwa wa kwanza kurekodiwa kwa kuwa mashine ilimfikia yeye kabla ya wengine. Isitoshe, hata cheo cha mama wa taarabu kinabishaniwa. Wako wanaoshikilia kwamba Lamu ilikuwa na nyimbo za kinanda kwa Kiswahili kabla ya Siti kutoka Fumba.

Pili, sahani ya wakati ule ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Taarabu ni sanaa ya usiku kucha: mwimbaji hurudia ubeti, msikilizaji huinuka kutunza, fumbo hulengwa kwa mtu aliyeketi pale pale. Ukiuweka wimbo wa namna hiyo katika dakika tatu, mbele ya mafundi wasiojua lugha, umekata mti ukachukua jani.

Tatu, sifa zote hupewa mtu mmoja ilhali kazi ilikuwa ya wengi. Maalim Shaaban na wenzake walitunga, walipiga ala na kuimba, lakini majina yao hayatajwi mihadharani.

Tathmini

Mwandishi anakubali kila mojawapo ya hoja hizi, lakini haafiki hitimisho lake. Tuanze na lile guno la bibi kuhusu sauti nyembamba na ngoma zisizosikika. Vyombo vya kurekodia vya enzi hiyo havikuweza kunasa upana wote wa sauti. Mdundo mzito ulififia na sauti ya mtu ikabanwa. Kinachosikika leo basi ni Siti aliyepita katika tundu jembamba. Kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu mtu kwa picha iliyochakaa.

Ama kuhusu dakika tatu, tuutazame wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatoroka, huku wanawake waliofika mahakamani wakitiwa hatiani wao. Wimbo huo unamtaja mhalifu kwa jina, unasimulia kisa na unaiweka mahakama ya kikoloni yenyewe kizimbani. Hapa ufinyu wa nafasi haukuua sanaa. Umeilazimisha kusema yaliyo ya lazima tu. Hakuna kumbukumbu ya mahakama ambayo ingetueleza jinsi wanawake wa Ng'ambo walivyoipokea hukumu ile. Sahani inatueleza. Hii ndiyo thamani yake, nayo haitegemei kabisa nani alitangulia.

Kwa hiyo sahani zinastahili sifa, ila si zile tunazozipa. Hazistahili kuitwa kilele cha taarabu, kwa sababu kilele chake kilikuwa Ng'ambo usiku, mbele ya watu waliokwisha kufa, na hakuna mashine iliyokifikia. Zinastahili kuitwa ushahidi, tena ushahidi uliotolewa na watu ambao vitabu vya wakati huo havikuwapa nafasi ya kusema. Vivyo hivyo, kumsifu Siti pasi na kuwataja wenzake ni kumpunguzia, kwa kuwa kundi lililokaa kila jioni kupokea habari za mtaa ni sehemu ya ubunifu wake.

Hata hivyo, lipo jambo moja katika maneno ya bibi ambalo mwandishi hakuweza kulijibu. Kama tunakipima kipaji kwa rekodi, basi wale wanawake wa sengenya aliowataja hawakuwahi kuwapo. Alipoombwa majina yao, aliwataja wanne. Watatu walikuwa wamekwisha kufariki, na nyimbo zao bibi alizikumbuka nusunusu. Upungufu huu haukusababishwa na Siti. Umesababishwa na sisi, tunaorudia sifa za sahani za mwaka wa 1928 huku waimbaji walio hai wakizeeka hatua chache kutoka mlangoni petu.

Hitimisho

Maisha ya Siti yanatufunza kwamba mchuuzi wa vyungu aliyeitwa Mtumwa aliweza kuifanya lugha ya mtaani kwake kuwa lugha ya sanaa iliyosikika pwani nzima. Heshima anayostahili ni ya kusikilizwa kwa makini, pamoja na mapungufu ya sahani zake, wala si ya kuhifadhiwa kama jina la kujibia mtihani. Mwandishi anapendekeza kwamba wanachama wa chama chetu wanaotoka Kwale, Kilifi, Lamu na kwingineko watumie angalau siku moja ya kila likizo kurekodi nyimbo za wazee wao, pamoja na jina la mtunzi na tukio lililouzaa wimbo. Simu inatosha, hatuhitaji kwenda Bombay.

Bibi bado hajashawishika kuhusu Siti. Lakini amekubali kuimba kile anachokikumbuka, kwa sharti kwamba wimbo usikatwe kabla yeye mwenyewe hajasema umekwisha.