Seyyid Barghash: Sultani aliyejenga kwa mawe, chokaa na chuma

MWENYE nyumba anayetaka kuikarabati katika mtaa wa Tudor au Mji wa Kale, Mombasa, hukabiliwa na swali moja kabla hata ya kumwita fundi. Je, abakie na mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko walizotumia wazee wake, au ageukie saruji, nondo na mabati?

Swali hilo si geni katika upwa huu. Zaidi ya miaka 140 iliyopita lilimkabili mtu ambaye mfuko wake ulimruhusu kununua kila kilichouzwa Bombay na London. Mtu huyo ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa pili wa Zanzibar tangu itengane na Oman, ambaye bendera yake nyekundu ilipepea pia Mombasa, Lamu, Malindi na miji mingine mingi ya pwani.

Vitabu vya historia humtaja zaidi kwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa na kwa jinsi Wazungu walivyoimega himaya yake akiwa hai. Lakini alama aliyoacha ambayo mpita njia huweza kuigusa kwa mkono ni majengo. Katika majengo hayo mna somo kwa yeyote anayeshika mwiko na ndoo ya chokaa hivi leo.

MTOTO WA JUMBA LA MTONI

Barghash alizaliwa katika miaka ya 1830, mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Alikulia katika majumba ya mawe yenye kuta nene na nyua pana, baharini upande mmoja na mashamba ya karafuu upande wa pili.

Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki dunia baharini akitoka Oman. Barghash alikuwa pamoja naye katika safari hiyo. Alipofika Unguja alijaribu kutwaa madaraka kabla ya ndugu yake Majid kujiimarisha, lakini jaribio hilo likashindwa.

Hakukata tamaa. Mwaka 1859 alifanya njama nyingine, safari hii akisaidiwa na dada zake, miongoni mwao Bibi Khole na Bibi Salme. Huyo Salme, aliyekuwa bado msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akimwandikia barua. Miaka kadhaa baadaye aliolewa na Mjerumani, akajulikana ulimwenguni kwa jina la Emily Ruete.

Wafuasi wa Barghash walijifungia katika jumba la shambani, nje ya mji. Waingereza walimsaidia Majid kuzima uasi huo, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, alikokaa takriban miaka miwili.

Adhabu hiyo iligeuka kuwa masomo. Bombay ya wakati huo ilikuwa ikibadilika haraka. Garimoshi lilikuwa limeanza kusafiri huko mwaka 1853, na mwaka 1860 mji huo ukaanza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba mambo mengi aliyoyafanya Barghash baadaye Unguja mbegu yake ilipandwa huko.

UTAWALA ULIOANZA KWA DHORUBA

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akakalia kiti alichokitamani kwa miaka 14. Hakupata muda wa kukifurahia. Aprili 1872 tufani kali iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu zake. Mwaka uliofuata, Juni 5, 1873, alilazimika kutia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao mjini.

Mombasa nayo haikutulia. Januari 1875 akida wa Ngome ya Yesu, Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, alimwasi Sultani. Manowari za Uingereza ziliipiga ngome mizinga hadi akida akasalimu amri. Kuta hizo, zilizoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, zilistahimili, na hadi leo zimesimama zikitazama lango la bandari ya zamani.

Mwaka huo huo Barghash alizuru London na kupokewa kwa heshima za kifalme. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zilikuwa zimeanza kufika Unguja kwa ratiba. Mwaka 1879 mji ukaunganishwa na Aden kwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari. Kwa mara ya kwanza ilikuwa rahisi kuagiza chuma kizito kutoka ng'ambo na kukishusha ufukweni.

Hazina yake ilitegemea ushuru wa forodha, pembe za ndovu na karafuu. Haifai kusahau kwamba utajiri huo, na kwa hiyo majumba yaliyotokana nao, ulisimama juu ya jasho la watumwa waliolima mashambani na kubeba mizigo kutoka bara.

NYUMBA ZA KALE ZILIVYOJENGWA

Ili kufahamu alichofanya Barghash, ni lazima kwanza kuielewa nyumba ya mawe ya pwani, iwe Unguja, Lamu au Mji wa Kale, Mombasa.

Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yakapangwa bila kuchongwa sana na kushikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake mara nyingi hufikia nusu mita au zaidi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya lundo la magogo, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yaive kwa majuma au miezi. Fundi aliyeharakisha hatua hiyo alijulikana baadaye, lipu ilipoanza kububujika na kubanduka.

Dari ilibebwa na boriti za mikoko, miti inayoota katika hori kama lile la Tudor. Juu ya boriti zilipangwa mawe madogo, yakamiminiwa chokaa na kupondwa kwa siku nyingi hadi sakafu ikashikamana. Boriti iliamua upana wa chumba. Kwa kuwa mti wa kutegemewa hauzidi sana mita tatu, vyumba vya pwani vilikuwa virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri.

Nyumba ya aina hiyo hupumua. Unyevu unaoingia ukutani kutoka ardhini au kwa mvua hutoka tena kupitia chokaa. Hata hivyo, huhitaji kuhudumiwa: kupakwa chokaa upya mara kwa mara na, zaidi ya yote, kuzuiwa paa lisivuje. Maji yakifikia boriti, mchwa na kuoza hufuata.

CHUMA CHAINGIA IKULU

Barghash alijenga kwa pupa ya mtu aliyesubiri muda mrefu. Alijenga jumba la Chukwani kusini mwa mji, na kati ya 1880 na 1882 jumba la Marhubi upande wa kaskazini. Kwa wananchi yalijengwa mabafu ya Hamamni kwa mtindo wa Kiajemi, kazi iliyosimamiwa na Haji Gulam Hussein.

Kilele chake kilikuwa Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, lililokamilika mwaka 1883 mbele ya bandari. Hapa ndipo Sultani alipovunja kanuni ya boriti. Kuta zilibakia za matumbawe na chokaa, lakini roshani pana zinazolizunguka jumba ghorofa kwa ghorofa zilisimamishwa juu ya nguzo ndefu za chuma cha kusubu zilizoletwa kwa meli. Kwa kutumia mihimili ya chuma, kumbi zikawa na upana ambao mkoko usingeweza kuubeba.

Hakuacha ufundi wa nyumbani. Milango mikubwa ilichongwa kwa mkono na kunakshiwa kwa aya za Kurani. Katika zama zake ndipo pia mlango wenye tao juu na maua ya Kihindi uliposhindana na ule wa kale wenye kizingiti kilichonyooka. Mitindo hiyo miwili inaonekana pia katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ambako roshani za mbao zenye nakshi ya Kihindi ziliongezwa mbele ya nyumba za mawe.

Pengine kazi yake bora haikuwa jumba lolote. Alitandaza mfereji wa kuleta maji safi mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, katika mji uliokuwa umepigwa mara kadhaa na kipindupindu. Watu wa kawaida waliteka maji hayo bila ya kuingia ikulu.

MWISHO WA SULTANI

Miaka yake ya mwisho ilikuwa michungu. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikusanya mikataba huko bara, na Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilielekeza mizinga yake kwenye ikulu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikamwachia visiwa na ukanda wa maili 10 wa pwani. Mei 1887 aliikodisha kampuni ya Waingereza usimamizi wa pwani ya Kenya ya leo, Mombasa ikiwemo. Alifariki Machi 27, 1888, muda mfupi baada ya kurejea kutoka Oman.

Majengo yake yalibaki kujibu swali la vifaa kwa niaba yake. Marhubi iliungua mwaka 1899. Mbao ziliteketea, nguzo za mawe zikabaki zimesimama hadi leo kati ya minazi. Agosti 27, 1896 Waingereza waliipiga ikulu mizinga katika vita vilivyokwisha kwa chini ya saa moja. Jumba jirani la Beit al-Hukm liliharibiwa vibaya, lakini Beit al-Ajaib likasalimika, na mnara wa saa ukaongezwa mbele yake baadaye.

Kilicholiangusha jumba hilo ni miaka ya kutohudumiwa. Chuma katika upepo wa chumvi hupata kutu, na kutu huvimba na kupasua kilichokizunguka. Maji yakipenya, ukuta wa matumbawe nao hulainika. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Desemba 25, 2020, wakati ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, sehemu kubwa ya jumba pamoja na mnara wake iliporomoka na kuua watu wawili.

Ingekuwa rahisi kusema Sultani alikosea kuagiza chuma, lakini jumba lililohimili zaidi ya miaka 120 kabla ya roshani yake kuanguka haliwezi kuitwa kosa. Alichagua vifaa viwili vyenye tabia tofauti: ukuta unaotaka chokaa mpya na paa kavu, na chuma kinachotaka kukwaruzwa kutu na kupakwa rangi bila ya kukoma. Alikuwa na hazina ya kuvihudumia vyote viwili. Waliomrithi hawakuwa nayo sikuzote, au hawakuona haja.

Hilo ndilo la kuzingatia kwa mwenye nyumba wa Mombasa. Lipu ya saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa matumbawe hupendeza kwa miaka michache, huku ikifungia unyevu ndani hadi chumvi iuchokonoe ukuta kwa nyuma. Zege la nondo linalomiminwa karibu na bahari kwa mchanga wenye chumvi hupasuka mapema. Boriti nazo hazipatikani ovyo kama zamani, kwa kuwa ukataji wa mikoko unadhibitiwa ili kulinda ufuo na mazalia ya samaki. Kwa hiyo boriti nzima iliyomo darini ni mali ya kutunzwa, isitolewe kwa ajili ya mtindo.

Kila kifaa kina gharama mbili, ya kukinunua na ya kukitunza. Seyyid Barghash aliilipa ya kwanza kwa fedha taslimu. Ya pili iliwaangukia watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipozikwa, na wawili kati yao waliilipa kwa uhai wao.