Imamu Ghazali na Ngazi ya Elimu

Nilikuwa na umri wa miaka saba nilipohifadhi juzuu ya Amma. Mwalimu wa chuo aliniombea dua, na wazee wangu wakafurahi. Miaka mingi baadaye, mwanangu aliniuliza maana ya sura moja fupi ambayo naisoma kila siku katika sala. Nilibabaika, sikuwa na jawabu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyarejea maisha ya mtu ambaye jina lake si geni misikitini mwetu: Imamu Abu Hamid al-Ghazali.

Alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika Khurasani, nchi ambayo leo sehemu yake imo Iran. Babake alikuwa maskini, kazi yake kusokota sufu. Alipohisi mauti yamekaribia, alimuusia rafiki yake awasomeshe wanawe wawili, Muhammad na Ahmad. Kile kidogo alichoacha kilipokwisha, rafiki yule, ambaye naye alikuwa fukara, aliwashauri waingie madrasa ili wapate chakula pamoja na masomo. Basi bahari ile ya elimu ilianza na njaa.

Yasimuliwa kwamba katika ujana wake alisafiri hadi Jurjan, akaandika makaratasini yote aliyosomeshwa. Alipokuwa njiani kurudi, msafara ulivamiwa na wanyang'anyi. Alimfuata mkubwa wao akamsihi amrudishie makaratasi yale tu, kwani ndiyo elimu yake. Mwizi alicheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mtu akinyang'anywa mfuko hubaki mjinga. Kisha akamrudishia. Ghazali aliona kuwa ni Mungu aliyemsemesha haramia yule, akakaa Tus miaka mitatu mpaka akayahifadhi yote.

Wengi wetu tungekomea hapo. Yeye alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamu al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nidham al-Mulk akampa kiti cha kusomesha katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Wanafunzi walimjia kwa mamia. Lakini mwaka 1095 ulimi ulimfunga. Alikaa mbele ya darsa asiweze kutamka neno, na hata chakula hakikumpita kooni. Alitambua kwamba habari za uchaji alizijua kwa kusoma, ilhali moyo wake ulitekwa na cheo na sifa. Aligawa mali yake, akabakisha cha kuwatosha watoto wake, akashika njia ya Sham, Baitul Mukaddas na Makka.

Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipoandika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din. Humo amepanga daraja za mwanafunzi: mtoto ahifadhishwe kwanza, kisha afahamu, kisha aitakidi, kisha awe na yakini na kusadiki. Maneno yote hayo tunayo katika Kiswahili. Lililobaki ni kuyapanda moja baada ya jingine. Tena amemlinganisha mwenye elimu na mwenye mali: huchuma, huweka akiba, hujitumilia mwenyewe, na mwisho huwapa wengine. Daraja hiyo ya mwisho ndiyo bora. Na katika kitabu alichosimulia maisha yake ameeleza kuwa kuijua maana ya afya si sawa na kuwa mzima.

Mwaka 1956, Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake nao walipanga daraja sita za fikra za mwanafunzi, wakaanzia yale anayoyakumbuka na kuishia kwenye kupima na kutoa hukumu. Daraja zile ni za akili. Imamu alitaka ngazi ifike moyoni.

Ghazali alirudi kusomesha Nishapur mwaka 1106, akafariki kwao Tus Desemba 1111.

Wako wanaobeza kuhifadhi, wakisema ni kazi ya kasuku. Mimi siwezi kumlaumu mwalimu wangu. Yeye aliniweka kwenye kidato cha kwanza, na bila hicho hakuna cha pili. Kosa ni langu niliyekikalia miaka yote kana kwamba ni kiti. Nilichukua tafsiri, nikamwita mwanangu, tukaanza na sura ile ile fupi. Nilidhani namsomesha yeye.