Maisha ya Marehemu Dk. Eduardo Mondlane

Kila likizo nitokapo hapa Nachingwea kwenda kwetu Ruangwa, baba huniuliza habari za masomo, kisha hunyamaza. Najua anawaza kama korosho zake zitatosha kunipeleka Chuo Kikuu. Ndiyo sababu nimependa, wasomaji wapenzi, kuandika habari za Dk. Mondlane. Jina lake si geni hapa, maana chama chake, Frelimo, kilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo papa hapa Nachingwea.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa jumbe, lakini alifariki mtoto angali mdogo, naye akakua akichunga mifugo. Mama yake ndiye aliyeshikilia kwamba lazima asome. Alipomaliza shule ya misheni, alikuta sekondari za Wareno zimefungwa kwake. Basi akajifunza kilimo, kisha kwa msaada wa masomo akaenda Afrika ya Kusini, hata akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ikamfukuza. Msaada mwingine ukampitisha Lisbon, na mwaka 1951 akafika Oberlin, Marekani. Digrii ya kwanza aliipata mwaka 1953, umri wake karibu miaka 33. Mwaka 1960 akawa Daktari wa Falsafa. Mifugo ya nyumbani isingaliweza kulipia njia yote hiyo.

Frelimo ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, alichaguliwa kuwa Rais. Mwaka uliofuata akaacha kazi yake ya kufundisha chuo kikuu huko Marekani, akahamia Dar es Salaam. Mkewe, Mama Janet, akaongoza huko Taasisi ya Msumbiji, iliyosomesha vijana wakimbizi kwa fedha za wafadhili.

Hapa ndipo habari inaponigusa. Frelimo ilitaka anayesomeshwa asimamishe masomo kwa muda, akatumikie vita au afundishe wasiojua kusoma. Baadhi ya wanafunzi walikataa. Walitaka kwenda ng'ambo moja kwa moja. Machi 1968 ghasia zikazuka, na shule ikafungwa. Wengine waliokwisha kufika Marekani hawakutaka kurudi, naye akawaandikia kuwakumbusha wajibu wao. Mwanzoni niliwaona vijana wale wabaya. Sasa sina hakika, maana aliyeonja umaskini huogopa kuuacha mlango uliokwisha kufunguliwa. Lakini Waafrika wengi mno wa Msumbiji wakati ule hawakuwa na darasa lolote la kuacha.

Tarehe 3 Februari 1969 Dk. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Tangu mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Maputo kinaitwa kwa jina lake.

Nikimaliza Kidato cha Sita nitaomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Jirani yangu darasani, ambaye baba yake ana malori, haombi. Yeye atakwenda chuo hata bila mkopo. Likizo iliyopita baba aliniuliza deni hilo atalilipa nani. Nilimjibu kwamba ni mimi.